Shilingi Mia Mbili za Ngomeni

Baba, mama na watoto watatu, wote raia wa Kenya, wakiingia Fort Jesus kwa viwango ambavyo vimetumika pale langoni kwa miaka mingi, watatoa shilingi 700: mia mbili kwa kila mzazi na mia kwa kila mtoto. Kibokoni na Mlango wa Papa kuna nyumba nyingi zinazopika mchana na usiku kwa pesa hiyo. Ndiyo maana mkazi wa Mji wa Kale akiuliza, "Niende nikaone nini ambacho sijakiona?" asiitwe bahili. Anapiga hesabu ya nyumba yake. Mizinga ameiona. Mifupa ya nyangumi ameiona akiwa na sare ya shule. Milango ya nakshi hupita mbele yake kila siku akienda msikitini.

Rai yangu ni hii: mkazi wa hapa hana haja ya kulipia tena vitu vya kudumu mpaka apate mgeni wa kumtembeza. Alipie maonyesho ya muda. Vya kudumu vinangoja. Ngome yenyewe inangoja tangu 1593, Wareno walipoanza kuijenga kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Ukiikosa mwezi huu utaikuta mwezi ujao. Lakini picha zilizotundikwa ukumbini kwa wiki sita zikishateremshwa, zimekwenda, na huenda wewe na mwanao msizione tena maishani.

Kwa kawaida tiketi ya Ngomeni ni moja. Ukiingia, umelipia kuta na minara, Ukumbi wa Mazrui, Nyumba ya Waomani, makabati ya kaure za Kichina na vyombo vya udongo, na onyesho la muda kama lipo. Hapo ndipo penye faida, na hapo hapo ndipo penye hasara. Faida ni kwamba onyesho jipya halikuongezei hata senti. Hasara ni kwamba utalipa mia mbili ile ile hata siku ambayo ukumbi wa maonyesho ya muda umefungwa, mafundi wanapaka chokaa. Kwa hiyo swali la kwanza langoni, kabla hujatoa simu kulipa, liwe: kuna nini cha muda leo, na kinamalizika lini? Mwenye kujibu kwa tarehe anajua kazi yake. Ukijibiwa tu kwamba ndani kuna vitu vingi, ahirisha.

Si kila kinachoitwa maonyesho kina thamani moja, na hapa ndipo wengi wanapopunjika bila kujua. Aina ya kwanza, ambayo ndiyo nyingi, ni ya mbao zilizochapishwa: picha kubwa, maelezo marefu, ramani, nembo za wafadhili chini. Huletwa na balozi, vyuo vikuu, mashirika na miradi ya utafiti. Ni rahisi kusafirisha, haihitaji bima kubwa, na ikichafuka huchapishwa nyingine. Siidharau. Iliyoandikwa vizuri inaweza kumfunza kijana wa Mombasa katika saa moja mambo ambayo hayamo katika kitabu chake cha shule. Lakini mbao hizo zimefanywa kwa ajili ya kusomwa, na mtu anaweza kusoma nyumbani. Kama onyesho zima ni maandishi na picha za kuchapisha, nenda siku ambayo ungekwenda Ngomeni kwa jambo jingine. Usifunge safari ya familia kwa ajili yake.

Aina ya pili ni ya wasanii: wachoraji, wapiga picha, wachongaji, wafumaji. Hapa unachokiona ndicho chenyewe. Unaona mahali brashi ilipokwama, unaona rangi iliyorundikana pembeni. Nyingi ya kazi hizi zinauzwa, na msanii mwenyewe mara nyingi huwa papo hapo siku ya ufunguzi, ambayo kwa desturi haina malipo kwa walioalikwa. Kualikwa si jambo la wakubwa peke yao. Msanii anayefungua onyesho hupenda ukumbi ujae, na ukimwomba mwaliko kwa heshima atakupa.

Aina ya tatu ni ya shule na jamii: michoro ya watoto walioshindana, vyombo vya nyumbani vilivyokusanywa na kina mama wa mtaa, picha za harusi za zamani zilizotolewa masandukuni. Wakosoaji wa sanaa hupita hapa haraka. Mimi hukaa. Picha ya harusi ya miaka ya hamsini yenye jina la mtaa na jina la mshonaji nyuma yake ni hati ya historia, na ikirudi sandukuni kwa bibi hakuna mtafiti atakayeiona tena.

Ya nne ndiyo adimu na ndiyo ghali: maonyesho ya vitu vya asili vilivyoazimwa kutoka makumbusho nyingine. Msomaji asione tu kabati la kioo akadhani kitu kimewekwa tu pale. Kila kitu kilichoazimwa kina sanduku lake lililotengenezwa kwa vipimo vyake. Kina bima inayoanza dakika kinapoinuliwa mahali pake kwao na kuisha kinaporudishwa pale pale. Mara nyingi kina ofisa anayekisindikiza njia nzima na kusimama ukumbini kinapofunguliwa. Kisha kuna hewa. Jengo la mawe ya matumbawe lililo ukingoni mwa bahari lina unyevu na chumvi, na wenye kuazima hutaka kujua unyevu wa chumba ni kiasi gani usiku na mchana kabla hawajatia sahihi. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya vitu vya thamani kwenda Nairobi na kutofika kisiwani.

Mwanga nao ni adui. Makumbusho nyingi duniani hupima mwanga unaoangukia karatasi na nguo, na kipimo kinachozingatiwa ni luksi 50, yaani ukumbi wa nusu giza. Msahafu wa mkono kutoka Siyu, leso ya miaka mia, kofia ya kazi ya sindano, barua ya liwali: vyote hivi hufifia polepole vikiwekwa wazi, na rangi ikishapotea hairudi. Kwa hiyo hutolewa kwa miezi michache, kisha hurudishwa gizani vipumzike. Ukisikia Ngomeni au Lamu wametoa misahafu au nguo za kale, acha ulichonacho uende. Kuta zitakungoja, lakini huenda msahafu huo usitolewe tena kwa miaka.

Linganisha na kitu cha kudumu kinachostahimili. Meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyokuja kuokoa ngome ilipozingirwa, ilizama mbele ya Ngomeni mwaka 1697. Wapiga mbizi na wanaakiolojia waliichimbua kuanzia 1977 hadi 1980, na vitu vyake vimo katika makumbusho hadi leo. Kaure na udongo uliochomwa havidhuriki na mwanga kama nguo. Ninavipenda vyombo hivyo kwa dhati. Simama mbele ya mtungi uliokaa chini ya maji karibu miaka 280 utazame alama za viumbe vya bahari vilivyojishika mgongoni mwake. Lakini mtungi huo uko pale Jumatatu na uko pale Jumapili, na katika matumizi ya mia mbili zako hauna haraka.

Kabla hata ya kufika Ngomeni, kuna maonyesho yasiyokuwa na kiingilio. Jengo la Mahakama ya Zamani, barabara ya Nkrumah, lilijengwa 1902 na limekuwa kwa miaka mingi tawi la makumbusho lenye ukumbi wa maonyesho yanayobadilika: michoro ya wasanii wa Pwani, kazi za mikono, picha za mashindano ya shule, vitu vya mila za makabila mbalimbali. Ni mwendo wa dakika chache tu kutoka Ngomeni, na watu wengi hulipita wakidhani ni ofisi ya serikali. Kwa familia yenye watoto wadogo wanaochoka baada ya nusu saa, mimi ningeanza hapa. Mtoto akionyesha hamu, mwendelee Ngomeni. Akilia, mmerudi nyumbani na shilingi 700 zenu mfukoni.

Swahilipot Hub, jirani na Ngomeni, imekuwa tangu 2016 mahali pa vijana wa teknolojia na sanaa, na hapo huonekana upigaji picha, uchoraji na muziki ambao bado haujakubaliwa na kumbi kubwa. Ubora wake hupanda na kushuka. Si neno, kwa sababu hulipi. Alliance Française nayo hufanya maonyesho Mombasa bila kiingilio, na pale mtu hupata wasanii waliokwisha kuchujwa kidogo. Na mwenye kupenda nguo asisahau Mtaa wa Biashara. Duka la Kaderdina Hajee Essak, wenyewe wa "Mali ya Abdulla", limekuwa katika biashara ya leso tangu 1887, na michoro mipya hutoka mara kwa mara. Leso ya dukani unaishika, unaikunjua, unasoma jina lake, unaulizia ya zamani. Hakuna makumbusho itakayokuruhusu hivyo, na sioni sababu ya kuihesabu ziara hiyo kuwa ndogo kuliko ya ukumbini.

Basi kama kuna vya bure, kwa nini mtu alipe? Analipia mambo mawili: vitu vya asili, na mtu wa kuvieleza. Hilo la pili ndilo linalosahauliwa. Mara nyingi maelezo ya maonyesho huandikwa Kiingereza, na bibi aliyelelewa kwa Kiswahili na Kiarabu cha madrasa hupita kabati kwa kabati akiona vyombo vyake mwenyewe bila kujua wameandika nini juu yake. Uliza kama maelezo yapo kwa Kiswahili. Kama hayapo, mia chache utakazompa mwongozaji mzuri zitazaa kuliko zile za tiketi. Mwongozaji huyo akubaliane nawe bei kabla hamjavuka lango, aseme ni ya kundi au ya kila mtu, na aseme wazi kama ataingia nanyi katika onyesho la muda au atawazungusha minarani tu. Waongozaji wengi wameshika kwa moyo hadithi ya Wareno na Waomani, na wanaisimulia vizuri sana. Onyesho lililofunguliwa wiki iliyopita hawajalishika bado. Kwa hilo mtafute mfanyakazi wa makumbusho wa idara ya elimu, au mwenye onyesho mwenyewe.

Muda pia ni gharama. Kumbi za muda ni vyumba, na vyumba vya Ngomeni saa saba mchana hujaa joto na hujaa makundi ya wanafunzi. Asubuhi mapema, au baada ya alasiri, utasimama mbele ya picha moja dakika kumi bila mtu kukusukuma. Kwa kitu kilichochorwa hiyo ndiyo tofauti ya kuona na kupita. Nitoe mfano wa kitu cha kudumu, kwa kuwa kila mtu anaweza kukijaribu: yale maandishi na michoro ya ukutani ya askari wa Kireno, kwa rangi nyeusi na nyekundu. Wanaopita huona mikwaruzo. Aliyetulia huona meli, milingoti yake, watu wadogo, na mkono wa askari wa lindo aliyekuwa na usiku mrefu na kipande cha makaa. Onyesho la muda linataka macho ya namna hiyo hiyo, na hutapewa nafasi ya pili.

Sasa safari. Mpenzi wa sanaa wa Mombasa husikia kila mara kwamba mambo yako Nairobi, na kwa idadi ni kweli. Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, yaliyofunguliwa upya 2008 baada ya ukarabati mkubwa, yana ukumbi wa wasanii unaobadilishwa mara kwa mara, na kiingilio cha raia kimekuwa mia mbili kama chetu. Nairobi Contemporary Art Institute, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage 2020, ilifungua ukumbi wake 2022 kwa kazi za Sane Wadu, na haitozi kitu mlangoni. Lakini mlangoni sipo penye gharama. Tangu Januari 2024 treni ya SGR ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwenda na kiasi hicho kurudi, na watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Ile familia yetu ya watu watano, watoto wakiwa katika umri huo, itatoa shilingi 10,500 kwa treni peke yake, bila kuhesabu gari la kwenda stesheni ya Miritini, gari la kutoka stesheni ya Syokimau, chakula, na mahali pa kulala kama hawana ndugu. Hizo ni ziara kumi na tano za familia nzima Ngomeni. Hata kwa mtu mmoja, 3,000 za nauli ni sawa na mia mbili mara kumi na tano.

Je, ni hasara? Kwa onyesho la mbao za picha, ni hasara kabisa. Kwa vitu vya asili visivyofika Pwani, hapana. Mwaka 2006 British Museum iliazima vitu vyake kwa Kenya kwa onyesho lililoitwa Hazina, lililohusu mila na biashara za Afrika Mashariki, nalo lilifanyika Nairobi. Mtu wa Mombasa aliyepanda basi usiku kwenda kuliona hakupoteza pesa; vitu vile vilirudi London. Mwaka 2021, Nairobi hiyo hiyo, onyesho la Invisible Inventories liliweka makabati matupu ya vioo kuonyesha vitu vilivyochukuliwa nchini. Mradi uliolizaa ulikuwa umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika makumbusho za nje. Onyesho lile lilikwenda baadaye Ujerumani, Cologne na Frankfurt. Mombasa halikutiwa katika ratiba, ingawa vingi katika vilivyochukuliwa vilipitia bandari hii.

Shauri langu kwa Nairobi ni kukusanya. Usipande treni kwa ukumbi mmoja. Ngoja siku ambazo una harusi, matanga, usaili au ziara ya hospitali, kisha tenga siku moja ya kumbi tatu. Tazama kwanza tarehe za kufunga. Kumbi hupenda kubadilisha maonyesho mwisho wa mwezi, na kati ya onyesho moja na jingine hufunga siku kadhaa.

Lamu ni hesabu nyingine. Basi na mashua vinachosha, lakini Ngome ya Lamu, iliyomalizika kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1820, ina nafasi ya maonyesho ya muda ambayo mimi naipenda kuliko kumbi nyingi za kisasa, na tangu 2011 tamasha la wachoraji limekuwa likileta wasanii kutoka nje na ndani wakachora mitaani mchana kutwa. Kuwaona wakichora hakuna kiingilio. Ukiwa unakwenda Maulidi ama tamasha la utamaduni, maonyesho ni nyongeza isiyokugharimu.

Lakini kilichonifanya niandike makala haya ni onyesho ambalo sote tulilikosa. Agosti 2017, katika makumbusho ya Krannert ya Chuo Kikuu cha Illinois, Champaign, lilifunguliwa World on the Horizon, onyesho kubwa la sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi, lililoandaliwa na Prita Meier na Allyson Purpura. Lilikusanya vitu 160 hivi kutoka mabara manne, vikiwemo vya Makumbusho ya Taifa ya Kenya ambavyo Wamarekani walikuwa hawajaviona kwao. Mwaka 2018 likahamia Smithsonian, Washington, kisha Fowler, Los Angeles, likafungwa Februari 2019. Ziara yake ilikuwa ya miji hiyo mitatu. Katika kumbi zote tatu mlango ni bure. Mkazi wa Champaign aliingia na watoto wake bila kutoa senti, akaona viti vya enzi, vito na nakshi za Pwani vimepangwa pamoja kwa namna ambayo hakuna aliyeviona hivyo hapa.

Kwa mkazi wa Ndia Kuu, onyesho hilo la bure lilikuwa ghali kuliko yote niliyotaja. Ombi la viza ya matembezi ya Marekani mwaka ule lilikuwa dola 160, zisizorudishwa ukikataliwa, na mahojiano Nairobi, na tiketi ya ndege juu yake. Ndipo inapoonekana kwamba bei ya mlangoni haisemi lolote peke yake. Inategemea kitu kimewekwa karibu na nani. Sitaki kusikia kwamba watu wa Mombasa hawapendi makumbusho. Watu wa Mombasa hawajapewa bado tiketi ya mia mbili ya kuona vitu vyao bora vikiwa pamoja. Onyesho lililogharimu bima na masanduku kwa miji mitatu ya ng'ambo lingeweza kupangiwa mji wa nne, na mji huo ungekuwa kisiwa hiki. Kaunti, Makumbusho ya Taifa na wafadhili wanaojenga kumbi wanaweza kuanza na chumba kimoja chenye hewa inayodhibitiwa. Chumba kimoja tu, ili mwenye kuazima asiwe na sababu ya kukataa.

Na kuna vitu ambavyo hata ukifika huko huvioni. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza Tana River mwaka 1902, imekaa ghalani British Museum. Kiingilio cha British Museum ni bure, na ngoma haiko ukumbini. Vigango vya Mijikenda, zile nguzo za mbao zilizochongwa kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki, viliuzwa na kuibwa vikajaa makumbusho za Marekani. Denver waliamua 2014 kurudisha 30, na 2019 vikafika Nairobi. Kigango hakikuchongwa kitazamwe na watalii. Kilisimikwa mahali pake, na kinapowekwa katika onyesho la muda, Kenya ama ng'ambo, swali la kuuliza kabla ya bei ni hili: familia yenyewe imeulizwa? Onyesho lisiloweza kulijibu, hata likiwa bure, mimi siliingii.

Yamebaki mambo madogo ya pesa. Ukiona picha unayoitaka kununua katika onyesho, usingoje siku ya mwisho ukitumaini bei itashuka. Nzuri huwekewa alama ya kuuzwa siku ya ufunguzi. Uliza kama bei iliyoandikwa ina sehemu ya ukumbi ndani yake, uliza kama fremu imo, na omba risiti yenye jina la msanii, jina la kazi na mwaka. Wasanii wengi wa hapa hukubali kulipwa kwa awamu mbili tatu, na picha hubaki ukutani hadi mwisho wa onyesho hata hivyo, kwa hiyo una muda wa kumalizia. Kama picha imekushinda, uliza kitabu cha onyesho kama kimechapishwa. Baada ya mwaka mmoja hicho ndicho kitakachokuwa kimebaki.

Malipo ya taasisi za serikali siku hizi hupitia eCitizen, kwa hiyo nenda na simu yenye chaji na salio, na ukiwa na wazee wawili watatu lipia wote kwa mara moja. Soma bango la viwango langoni, maana hupitiwa upya. Tofauti kubwa iko katika uraia: raia amekuwa akilipa 200, mgeni wa nje ya Afrika Mashariki 1,200, na wa Afrika Mashariki wana kiwango chao. Shangazi akija likizo kutoka Muscat au London na akiwa bado na kitambulisho cha Kenya, mkumbushe akitie mkobani kabla hamjatoka nyumbani.